Tumbo la Mstari

Begi lilikuwa limeshatangulia. Mbeba mizigo alilitupia kwenye mkokoteni akaondoka nalo kuelekea stendi, magurudumu yakilalamika njia nzima, na mwenye begi akabaki nyuma akifunga mlango wa chumba ambacho hakikuwa chake tena. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Kisha akamkabidhi jirani ufunguo kupitia dirishani.

"Ndiyo safari hiyo, mzee?" jirani aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Nakwenda kumsaidia binti yangu kulea."

"Kulea? Mjukuu si yuko darasa la sita?"

"Wa darasa la sita ndio wanaotaka kulelewa hasa," alijibu, na kabla hajaulizwa la pili akashika njia.

Mtaa mzima ulimwita Kopo. Kazi yake ilikuwa ya plasta, mtu wa mwiko na timazi, na kuta alizozinyoosha zilikuwa bado zimesimama zikimtolea ushahidi. Lakini jina hakulipata kwenye kuta. Alilipata kwenye kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu chini. Kila Jumamosi alilijaza chokaa, akazunguka nalo uwanja akiligongagonga kwa kidole, na nyuma yake mistari ikazaliwa. Ndiye aliyeianzisha ligi ya watoto wa mitaa ile, ndiye kocha wa yeyote asiye na kocha, na malipo yake yalikuwa chai ya mapumziko, tena siku ambazo sukari ilikumbukwa. Kazi nyingine zote aliwaachia watu. Mistari hakumwachia mtu. Aliipiga peke yake, alfajiri, na ole wake atakayejipendekeza kumshikia kitu.

Asubuhi hii kopo lilikuwa kwapani. Ilikuwa siku ya fainali, na basi lake lilikuwa la mchana. Alikuwa amejipangia vizuri: apige mistari kabla watu hawajajaa, akae nyuma ya goli kidogo asikie mchezo unavyoanza, halafu apotee kimya kimya kama mtu aliyekwenda kununua kiberiti.

Sababu ya safari haikuwa mjukuu. Ilikuwa macho.

Macho ya Kopo yalikuwa yanafungwa polepole, kama duka ambalo mwenyewe anapachika mbao moja baada ya nyingine huku bado anaongea na wateja. Dunia ilikuwa imeingia maziwa. Nyumba zilielea. Watu walimjia kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, zikapepea, zikasema shikamoo, zikapita. Ukweli ni kwamba kuna asubuhi alizipenda hivyo hivyo. Hakuna kilichokuwa na kona kali, kila kitu kilikuwa na mwanga wake kandokando, hata mapipa ya taka yalikuwa yanang'aa kama yameoga. Watu aliwajua kwa mengine: kinyozi kwa ndara zake zinazoburuzika, shemeji yake kwa harufu ya mafuta ya cherehani, na yule binti waliyemwita Ngazi kwa ule mwendo wake wa hatua ndefu, kana kwamba kila mara anaruka mtaro.

Alichoogopa si giza. Aliogopa kujulikana. Kocha asiyeona ni nini kama si kichekesho cha kwenye kiti cha kinyozi? Watoto wote aliowafundisha wangekuja kusema kwamba walifundishwa na kipofu. Kwa hiyo alijitungia mbinu zake. Mchezaji akikosea alimwita pembeni, akamwekea mkono begani, akamuuliza kwa sauti nzito, "Wewe mwenyewe umeona ulichofanya pale?" Mtoto angeinamisha kichwa na kukiri kila kitu, kuanzia pasi mbovu hadi matusi aliyoyatukana moyoni, na Kopo angetikisa kichwa: "Ndicho hichohicho." Ilikuwa mbinu nzuri kuliko zote alizowahi kuzitumia alipokuwa anaona.

Sasa alitaka jambo moja tu. Aondoke na siri yake nzima nzima, imefungwa, kama mtu anayehama na yai mfukoni.

Uwanja ulikuwa umekaa kati ya ukuta wa karakana ya magodoro na safu ya maghala, na hewa yake ilikuwa na vinyuzi vya pamba vilivyokuwa vikielea muda wote bila haraka. Kopo aliingia kwa pengo la ukutani, kama alivyozoea, akavuta pumzi. Akasimama.

Chokaa mbichi.

"Surpraizi!" sauti ya Ngazi ilipaa, na hatua ndefu zikamjia. "Shikamoo kocha! Leo hushiki kopo. Leo unakaa, unahudumiwa. Mistari nimeshapiga!"

Nyuma yake ndara ziliburuzika. "Shikamoo haijaitikiwa hapa," alisema kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa refa wa ligi. "Kocha, umelala macho wazi?"

"Marahaba," alisema Kopo. "Umepiga mistari."

"Yote! Nimekuja na uzi wa kujengea, nimechomeka vigingi, nimevuta mpaka ukalia. Umenyooka kama rula, kocha. Tulikubaliana kwenye kamati, tukasema siku ya kumuaga kocha lazima uwanja uwe uwanja kweli, siyo..." Akakatika.

"Siyo nini?"

Kinyozi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Mistari yangu mimi ilikuwaje?" Kopo aliuliza.

Vinyuzi vya pamba vilielea. Kopo alishusha mguu, akautafuta mstari kwa ncha ya kiatu, akaupata, akaufuata upande wa mashariki, upande wa ukuta wa magodoro. Alitembea. Mguu wake ulitaka kukata kidogo kushoto, kule ambako jua la asubuhi humwagika, na chokaa ikakataa, ikaenda moja kwa moja. Akarudi kwenye chokaa. Mguu ukataka tena kushoto. Hapo ndipo alipoelewa. Tangu alipoacha kuvuta uzi, kwa kuwa alikuwa haoni tena vigingi vyake ardhini, alikuwa anatembea kuufuata mwanga. Kila Jumamosi alikuwa ameuvuta mstari kuelekea jua, ukavimba, ukafanya tumbo, kisha ukarudi kwenye kona kwa aibu. Na watu walikuwa wameona. Kila Jumamosi.

"Kumbe," alisema.

"Kocha, mimi sikuwa na maana..." Ngazi alianza.

"Hujakosea, mwanangu. Kazi nzuri." Akageuka, akatembea kuelekea kule alikodhani kuna pengo la ukutani, na kama si mkono uliomdaka kwenye kiwiko angeupiga ukuta kwa paji la uso. Harufu ya mafuta ya cherehani ikamfunika.

"Unakwenda wapi, shem?" Huyu alikuwa fundi cherehani, mdogo wa marehemu mke wake na mwenyekiti wa ligi. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alipokuwa anakata kitambaa alikikata.

"Stendi."

"Basi lako la mchana. Utakwenda kuliatamia kama kuku?"

"Shemeji, niache. Mmenicheka muda gani?"

"Tumekucheka sana," alisema. "Mbona wewe unatucheka kila siku? Kaa hapa kwenye benchi. Kipindi cha kwanza tu. Ukitaka kwenda baada ya hapo, mimi mwenyewe nitakusindikiza, na njia nzima sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Nitajikaza kisabuni."

Akakaa. Si kwa kupenda. Alikuwa hajui tena pengo liko upande gani. Akaweka kopo miguuni. Uso ulikuwa unamwaka. Alijiona jinsi walivyokuwa wakimwona: mzee anayumbayumba asubuhi na kopo lake la maziwa, anachora tumbo la mama mjamzito, halafu anasimama pembeni mikono kiunoni, anaamuru watu.

Uwanja ulijaa. Timu zote za ligi ile zilikuwa na majina ya nguo, kwa sababu vizibao vyao vilishonwa na shemeji kwa mabaki yaliyobaki mezani pake, na kila timu ikaitwa kwa kitambaa ilichokivaa. Fainali ilikuwa ya Pazia na Shuka. Pazia walivaa kijani kizito cha madirisha ya ukumbini, Shuka walivaa mistari myepesi ya vitandani, na watazamaji walikuwa wameshaanza kejeli zao.

"Leo Shuka mnatandikwa!"

"Nyie ngojeni mfungwe mchana kweupe!"

Kipenga kikalia. Kopo alifumba macho, maana akiyafumba alikuwa anaona vizuri zaidi. Mpira ulikuwa na sauti yake: paa ya kiatu, fu ya nyasi, kishindo kidogo cha kifua. Alimsikia winga wa Pazia, kale kabinti walikokaita Kijiko kwa namna kanavyouchota mpira kwa mguu wa kushoto, kakikimbia upande wa jua. Alikajua kakimbiapo. Mpira ukaenda mrefu, ukaenda pembeni, Kijiko akaufuata...

Kipenga. "Umetoka!" kinyozi alisema.

Mpira ukarushwa. Shuka wakaupata, beki wao akaupeleka upande ule ule. Kipenga. Umetoka. Dakika haikupita, kipenga tena. Kila mtu aliyekwenda upande wa mashariki alikwenda mpaka nje, akatoka na mpira kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyohama. Watoto walikuwa wanasimama wanautazama ule mstari mpya, wanatazamana. Mmoja wa Shuka alisikika akisema, "Hee, umekuja huku lini huu?" Watazamaji wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana mchezo ulikuwa umekufa. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa na mpira. Upande wa pili ulikuwa na filimbi tu.

"Unasikia?" shemeji aliuliza.

"Nasikia. Kinyozi kanunua kipenga kipya, anakikomoa."

Shemeji hakucheka. Mapumziko yalipofika Kopo alisimama, akachukua kopo lake. Lakini shemeji alikuwa ameondoka pale kwenda kugawa maji, na yeye hakutaka kuuliza njia mbele za watu. Akakaa tena. Ndiyo sababu alikisikia kipindi cha pili. Wengine baadaye walisema alibaki kwa mapenzi ya mpira. Alibaki kwa kutojua mlango uko wapi.

Kipindi cha pili kilianza, na mwanzoni hakugundua kitu. Jua lilikuwa limepanda na dunia yake yote imekuwa nyeupe, nyeupe yenye joto, ndani yake vivuli vya kijani na vya mistari vikiogelea. Alikuwa karibu kusinzia. Mpira ulikwenda upande wa mashariki, ukaenda ukaenda, akangoja kipenga, na kipenga hakikulia. Ukarudi. Ukaenda tena, mbali zaidi, mpaka pale ambapo mwangwi wa ukuta wa magodoro unameza sauti, akajua kabisa kwamba pale ni nje, nje ya uzi wa Ngazi. Kimya. Paa, fu, paa. Mchezo uliendelea.

Akainua kichwa.

Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeitisha kikao. Chokaa ya Ngazi ilikuwa imekanyagwa na miguu ya kipindi cha kwanza mpaka ikawa vumbi, na sasa watoto walikuwa wanacheza kwenye mstari mwingine, mstari usiokuwepo. Aliufuata kwa masikio. Kila mpira uliokwenda mashariki ulikwenda ukakata kona ile ile ya hewani, wakimbiaji wakageukia pale pale, kinyozi akanyamaza pale pale, akapiga pale pale. Polepole ule mstari ukachoreka mbele ya Kopo kutoka mwanzo wake hadi mwisho, tumbo lake lote, mviringo wake wote, umepinda kuelekea kwenye jua. Ulikuwa laini kuliko alivyodhani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona.

Mchezo ulikuwa bado sare, unakaribia kuisha, Kijiko alipouchota mpira upande ule, akapita nao ndani ya lile tumbo, beki wa Shuka akimpumulia shingoni, akazunguka, akarudi katikati, akauweka wavuni. Kelele zilipasuka. Halafu sauti ya mgeni mmoja, baba fulani aliyekuja na ndugu zake siku ile tu, ikapanda juu ya zote.

"Refa! Ule ulikuwa nje! Mstari si huo hapo, bado unaonekana! Nje kabisa! Futa goli!"

Ndara za kinyozi ziliburuzika, zikasimama. Kopo alijua kinyozi yuko kwenye mtihani: akihesabu kwa uzi, goli hakuna. Na kwa kuwa alijua kocha amekaa pale, masikio wazi, angeweza kulikubali goli kwa huruma tu, na huruma ndicho kitu ambacho Kopo asingekimeza.

"Nahodha wa Shuka," kinyozi aliita. "Njoo. Wewe ndiye uliyefungwa. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa."

"Mpira ulitoka?"

Nahodha wa Shuka alikuwa msichana mbishi, mtu wa kugombania hata kivuli cha goli. Wenzake walikuwa wameanza kumpigia kelele, "Sema umetoka! Sema!" Alivuta pumzi, Kopo aliisikia.

"Haukutoka, refa."

"We mtoto!" baba yule alifoka. "Mstari si unauona?"

"Huo ni uzi wa dada Ngazi," alisema, kwa hasira ya mtu anayejikata mwenyewe kidole. "Mpira ulikuwa ndani ya tumbo la kocha. Kila mtu anajua tumbo linaishia wapi. Mimi nimefungia humo magoli yangu yote, nitasemaje leo ni nje?" Kisha akaanza kulia, maana alikuwa ameshaipoteza fainali na alijua.

Goli likakubaliwa. Kipenga cha mwisho kililia muda mfupi baadaye, na Pazia wakawa mabingwa.

Kopo alisimama. Hakungojea kushikwa mkono. "Jamani," alisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Jamani, mimi sioni."

"Tunajua, kocha," walisema, karibu wote kwa pamoja, kama darasa linaloitikia salamu.

"Mnajua tangu lini?"

"Kocha," kinyozi alisema, "ulimwita mshika kibendera, ukamwambia ampokee Kijiko, acheze winga."

"Si aliingia?"

"Angekataaje? Uliamuru. Akaacha kibendera, akaingia, akafunga."

Kicheko kilichofuata kiliruka ukuta wa magodoro, na safari hii Kopo alikuwemo ndani yake, akicheka mpaka akashika benchi. Ngazi alikuwa analia na kucheka pamoja, akisema nisamehe kocha, nisamehe, na yeye akamwambia uzi wake ulikuwa mzuri, ila ulikuwa uzi wa ukuta, na ukuta haukimbii.

Shemeji akamvika kitu mabegani. Kizibao. Alikipapasa. Bega la kulia lilikuwa zito, lenye vinundu: pazia. La kushoto jepesi: shuka. Kifuani turubai, ubavuni gunia lililolainishwa, mgongoni taulo. Timu zote zilikuwepo, na hakuna vitambaa viwili vilivyofanana mkononi.

"Rangi zake zinagombana vibaya," shemeji alisema. "Utatembea kama soko. Lakini sikuchagua kwa rangi."

"Najua ulichagua kwa nini."

"Basi nyamaza uvae."

Alivaa. Kisha akamkabidhi Ngazi kopo, mikono ya wote wawili juu yake, na akamwambia asubuhi atembee kwanza bila chokaa, macho amefumba, mpaka ahisi jua liko shavu gani. Shemeji alimsindikiza stendi. Aliongea njia nzima.

Kopo alifika kwa binti yake salama. Jicho moja lilipasuliwa na likaona kiasi, la pili halikuona tena. Aliwafundisha watoto wa mtaa ule mpya kupiga kona, akiwa amekaa kwenye kiti, na alifariki miaka kadhaa baadaye akiwa usingizini. Shemeji aliendelea kushona na kuongoza ligi mpaka mgongo ulipomkataza kuinama mashineni. Kinyozi alihamishia kibanda chake barabara ya pili, ndara akabadilisha. Nahodha wa Shuka alisomea ualimu. Kijiko aliacha mpira alipovunjika mguu, anauza viatu. Jirani alimpangishia mtu mwingine kile chumba. Ngazi ndiye kocha sasa. Mstari wa mashariki bado una tumbo, na timu ngeni huonyeshwa kabla ya mechi kuanza.